Hamsini Juu, Hamsini Chini

Lekishon aliileta imeviringishwa kwa taulo la hoteli,
darubini peke yake. Bunduki ilibaki kabatini
pamoja na leseni yake, na mimi sina haja nayo.
Jengo letu la Barabara ya Kirinyaga lina ngazi tisini na mbili;
lifti ilikufa mwaka aliozaliwa mwanangu.
Alifika akihema, akasema kabla ya salamu:
"Hii kitu inanidanganya."

Wenzake wa klabu walimwambia ni jicho.
Miaka hamsini na minane, walisema, na mchagua jembe si mkulima.
Yeye, aliyewahi kuhesabu faru kwa mwezi mchanga,
alikosa bati la mita mia tano mara tisa
mbele ya vijana wa miwani ya rangi.

Mimi si mtu wa bunduki.
Natengeneza saa, hadubini za shule,
kamera za wapiga picha wa harusi.
Ila kitu kinachohesabu hakinitishi.
Unamuuliza mwenyewe, kisha unakiuliza kifaa,
na jibu la kwanza la yeyote kati yao huliamini.

Jumapili, Grogan ikiwa imefunga milango,
nilipanda juu ya paa, nikaibana kwenye jiliwa
karibu na tangi la maji.
Ng'ambo, mita mia moja kwa kipimo,
juu ya ukuta wa ghala la spea,
nilibandika karatasi ya mistari ya sentimita
na timazi pembeni yake: uzi, na nati ya lori.
Kwanza msalaba ulingane na uzi.
Msalaba uliolala upande hupanda ukienda kando,
na mtu huulaumu upepo.
Ulilingana.

Kisha hamsini juu.
Tik, tik, tik, kila tik sentimita moja.
Hamsini kulia.
Hamsini chini.
Hamsini kushoto, na mraba ungefungwa pale ulipoanzia,
kama mtu aliyetoka tu kununua maziwa.

Haukufungwa.
Sentimita tatu juu ya nyumbani, msalaba umeganda.
Niligonga bomba kwa penseli, mara moja:
ukaruka hadi sifuri
kama mtoto aliyefumaniwa akichungulia.

Basi si jicho. Lakini ni nini?
Nilidhani springi. Springi ikichoka huipi chai ikaamka.
Nilishaanza kumhurumia kwa bei
nilipozitazama zile pete mbili.
Vichwa vya skrubu vimechubuka.
Bisibisi ilikataa, nikaongeza uzito wa bega,
na zilipolegea bomba lilitoa sauti ndogo,
ya mguu unaovuliwa buti la siku nzima.
Chini ya kila pete, mbonyeo.
Ndani ya bomba mna bomba jingine, ndilo linalotembea;
ukilibana la nje, la ndani hukosa njia.

Nilimpigia simu. "Ulikaza lini?"
Kimya. Kwake palikuwa na jogoo.
"Nilipokosa mara ya kwanza. Nikakaza, nikakosa.
Nikakaza tena."
"Kwa kipimo gani?"
"Kwa hasira."

Nilifunga pete mpya, nyutoni-mita mbili, basi.
Hamsini juu, kulia, chini, kushoto:
mraba ukafungwa. Mara nne.
Mara ya tano ulibaki wazi nusu sentimita,
nikaliandika hilo pia kwenye risiti,
kwa sababu bomba lililobonyea halisahau lote,
na sikutaka asikie kwa bati.

Alisoma risiti akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena.
Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali.
"Kwa hiyo jicho langu ni zima."
"Jicho sikulipima," nikamwambia.
"Ghorofa ya kwanza kuna daktari. Huja Jumatano."