Kulabu Huingia Mwisho

Lala, Runmei. Jiko nalilinda mimi.
Miaka thelathini na mmoja nililinda boila
la kiwanda cha pamba hapa Taiyuan,
boila la tani nne, halikunipasukia hata siku moja.
Leo nimekabidhiwa chungu cha udongo
na kichwa chako.

Kilianza na theluji ya kwanza.
Ulishika utosi ukasema: kuna mtu humu ndani
anagonga bomba kwa spana, anataka atolewe.
Nikacheka. Nisamehe, nilicheka.
Usiku ukatapika tambi na siki yake,
ukataka taa izimwe, redio izimwe,
hata saa ya ukutani niitoe betri.

Daktari Ke, binti mdogo, viatu vya raba,
alikufunga mkono kwa kile kitambaa;
kikavimba, kikashusha pumzi, kikatulia:
mia moja themanini na sita juu ya mia moja na nane.
Namba nazijua. Geji ikisoma hivyo
mtu hamalizi chai yake.
Akaandika vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi.
Na chumvi, akasema. Mama, chumvi.
Ukamtazama kama aliyeutukana ukoo wako.

Ghorofa ya pili, jengo lilelile,
nyuma ya mlango unaonuka mizizi na vumbi lililolowa,
mzee Tuo aliweka vidole vitatu juu ya mshipa wako
akanyamaza muda wa treni ya makaa kupita.
"Ini linawaka," akasema. "Mvuke wake unapanda."
Hukumcheka. Ulilia.
Nami nilimjua aliyekukata maini:
Zhanpeng wetu, simu ya mwezi wa tisa,
ameuza nyumba, harudi, tusimsubiri.
Mzee akachoma sindano mbili kisogoni,
nyembamba kama sharubu za paka,
ukasinzia umekaa.

Basi tukajifunza.
Kidonge saa moja asubuhi, maji ya vuguvugu.
Chungu saa kumi na moja jioni:
kwanza tianma, vipande vigumu kama pembe,
kisha maua makavu ya krisanthemu,
na zile kulabu ndogo za mtambaa wa milimani
mwisho kabisa, dakika tano tu.
Ukizitia mapema, alisema mzee, unachemsha kuni.

Binti Ke alitaka orodha ya kila kilichomo,
kwa jina, kwa gramu.
Akapiga mstari kwenye ule mzizi mtamu unaoupenda:
huo, kwa presha hii, unachochea.
Mzee Tuo alipopigiwa simu aliguna,
akanyamaza, akaufuta.

Mwezi wa pili kichwa kikatulia.
Hapo ndipo uliponidanganya.
Vidonge kumi na vinane nilivikuta
ndani ya mtungi wa kabichi ya chumvi,
ule niliouapia kwamba sitaufungua tena.
"Hakiniumi," ulisema. "Nimeze cha nini?"

Nikakupeleka kwa mzee, nikidhani
atafurahi mizizi yake imeshinda.
Alipima kwa mashine: mia moja sabini na nne.
Akaweka kalamu chini, akaniuliza mimi:
"Boila likiacha kupiga kelele, limepoa?"
Nikasema, au filimbi imeziba.
Akavuta droo akatoa pakiti yake mwenyewe,
vidonge vyeupe vilevile, vimebaki vinne.
"Cha leo bado," akasema,
akakimeza mbele yako, akapangusa mdomo.
Ulishindwa pa kutazama.

Leo imesoma mia moja thelathini na nane.
Simwiti mtu kushangilia. Kesho upepo wa kaskazini utarudi,
na Zhanpeng bado hajapiga simu.

Redio nimeizima bila kuambiwa.
Saa ya ukutani, usikasirike,
nimeirudishia betri,
nina dakika tano za kuhesabu.
Lala. Kulabu nazitia sasa.