Safu ya Tofauti

Februari. Dirisha la ofisi limeota barafu kwa ndani
nami nalinganisha kaunti na kaunti,
sitini na ushei, kila moja na mstari wake:
ajira za mashambani mwaka juzi,
ajira za mashambani mwaka jana,
na pembeni, safu nyembamba ya tofauti.

Stroud imepanda asilimia hamsini.
Darrell Quiring, bosi wangu, ameizungushia wino wa kijani,
anataka iwe kichwa cha taarifa kwa gavana.
Nikamwambia, Darrell, walikuwa ishirini, sasa thelathini.
Akasema, namba haidanganyi.
Kweli, haidanganyi.
Ila ukiiuliza jina la mtu, inaangalia dari.

Tolvert haina namba, ina kinyota.
Ndiyo sheria yetu: waajiri wakiwa wachache mno
hesabu tunaifunika, siri ya mtu isivuje.
Mwajiri wa Tolvert ni mmoja, Wendell Stahl,
na hata mbwa wa tarishi anajua
ana vibarua wanne, trekta mbili na deni.
Alinipigia simu mwenyewe:
“Bibie, hicho kinyota ni mimi?”
Nikamjibu siruhusiwi kusema.
“Basi kiandikeni vizuri,” akasema, “kimekaa upande.”

Halafu Brekke, kwetu.
Arobaini, kisha thelathini.
Wino mwekundu.

Kati ya Brekke na Stroud hakuna mto wala kilima,
ni barabara ya changarawe tu,
nguzo za umeme upande mmoja, nyasi kavu upande wa pili.
Upande wa Stroud wamejenga zizi refu kama uwanja wa ndege,
ng’ombe elfu nne, taa hazizimwi.
Upande wetu baba aliuza ng’ombe wake Oktoba, sitini na mmoja,
wakapandishwa lori asubuhi ya ukungu
na mama akabaki amesimama na chupa ya maziwa ya ndama
kana kwamba mmoja angesahau kitu, arudi.

Na Eulalio Tzoc, aliyekamua kwetu miaka kumi na moja?
Alikuja kutoka milima ya Guatemala na begi moja.
Hatukungoja siku ya tatu tumpe jembe;
alfajiri ya kwanza baba alimpa ndoo
na kofia ya sufi ya marehemu kaka yangu.
Oktoba ile ile akavuka barabara.
Hakuhama. Bado analala kwenye nyumba ya bati nyuma ya ghala letu,
Jumapili bado anakula mezani kwetu,
anamlalamikia mama kwamba maharage hayana chumvi.
Ni ajira yake tu iliyovuka, na za wenzake tisa
waliokuwa kwa Haugen, kwa Lindquist, kwa mjane Opdahl.

Kumi nyekundu. Kumi kijani.
Zijumlishe, Darrell, uone jimbo limekua kiasi gani.
Nilizijumlisha mara tatu,
mara ya tatu kwa penseli, kama mtoto wa shule.

Baba hayumo kwenye safu yoyote.
Mwenye shamba si mwajiriwa, hivyo hakupungua.
Mama naye, aliyeandika daftari la shamba miaka arobaini,
akazalisha ndama usiku wa theluji, mkono hadi begani,
hakuwahi kuongezeka.

Saa mbili na nusu usiku simu inalia.
Baba hajambo, goti linamsumbua, theluji imefunika geti.
Anakohoa, kisha anauliza kama mtu anayeuliza bei ya mahindi:
“Haya, hesabu zenu zinasemaje kutuhusu?”
Nasema tumeshuka, baba. Robo nzima.
Ananyamaza. Nasikia kiti kikivutwa, pazia likisogezwa.
“Ngoja,” anasema.
“Taa za gari la Eulalio. Anatoka getini.”
Tunangoja wote wawili, mimi na yeye, bila neno,
yeye dirishani, mimi na kalamu mkononi,
hadi aseme:
“Sawa. Amevuka.”