Kitunda Kingoje

Umeme umekatika tena hapa Wete,
cherehani imenifia katikati ya pindo la suruali,
na Mize, binti wa dada yangu, keshatandika ubao
juu ya meza ya kukatia nguo.

Kapanga kete tatu tu, zile zile za jana:
mfalme wangu, mfalme wake, na kitunda changu
ambacho si kitunda, ni kizibo cha soda;
chenyewe kilipotea tangu Shaabani.
"Rudia," anasema.

Jana mkono ulitangulia.
Kizibo safu ya tatu, mfalme wangu ubavuni pake,
mfalme wake njiani, nyumba mbili tupu katikati.
Nikakisukuma, maana kitunda ni cha kusukumwa,
maana mwisho wa njia kuna umalkia, na nani hautaki?
Mize akasogea nyumba moja, akakaa mlangoni kama bawabu.
Nikazunguka kulia, naye kulia.
Kushoto, naye kushoto.
Nikakifikisha safu ya saba kwa kelele: "Shaha!"
Akajibanza mbele yake, mgongo ukutani.
Nikabaki na mawili: nikiache kiliwe,
au nikilinde, naye akose pa kukanyaga.
Nikakilinda.
Hana pa kwenda, wala hakushambuliwa.
Sare.
"Kingeingia kimya," akasema, "ungeshinda."

Usiku sikulala. Aibu ya fundi.
Mimi, ambaye kitambaa cha mtu sikitii mkasi
mpaka nimekipima, nimekipima tena, nimetia chaki,
kwa sababu mkasi haujui kuomba radhi,
mbona kwenye ubao nakata kwa macho?

Leo mkono nimeukalia.
Kweli, uko chini ya paja.
Nahesabu: nikisukuma, anakuja;
akija, najikinga; nikijikinga, anarudi nyuma…
hatua ya tano napotea, naanza upya.
Hamadi Shaame anachungulia: "Faki, si ushashinda hapo?
Una mtu wa ziada!"
Halafu anaulizia suruali yake.
Namwonyesha taa.

Na hapo ndipo naliona jambo dogo
ambalo jana niliruka juu yake:
mfalme atoke mbele, kizibo kingoje nyuma.
Wafalme uso kwa uso, nyumba moja kati yao,
na zamu iwe yake.
Kuna saa kwenye mchezo huu
ambapo msiba wote ni kulazimika kwenda.

Nautoa mkono. Umekufa ganzi.
Namsogeza mfalme hatua moja, mshazari.

Mize hasemi kitu.
Anautazama ubao, anauma ncha ya mtandio,
anautazama tena,
na mkono wake, taratibu, anaukalia.

Umeme umerudi. Taa ya cherehani imewaka.
Hakuna aliyenyanyuka.