Kabla Zofia Hajapita

Usipande nyanya kabla Zofia hajapita,
husema watu wa Łódź. Na Zofia wa Baridi
hupita tarehe kumi na tano Mei,
kashika sakitu kama chumvi ya kiganjani.

Wacław hakungoja.
Tarehe tisa jua lilikuwa tamu,
akaitia miche yake ishirini na minne ardhini,
akatutania sisi wa ng'ambo ya uzio:
"Mngojeeni mtakatifu wenu. Mimi Juni nala kachumbari."

Usiku wa kumi na tatu maji ya ndoo yaliganda,
kata ikiwa ndani.
Kulipokucha miche ilikuwa myeusi, imelala
kama kamba za viatu vilivyolowa.
Hakuna aliyecheka. Hata Jadwiga,
aliyekuwa keshayanoa maneno, aliyameza.

Sasa Zofia kapita. Udongo ukiushika haukung'ati.
Maharage yaingie, na matango;
mbegu ya boga isimame kwa ubavu, isioze;
shibiti irushe tu, itajijua.

Jioni, langoni pa Wacław,
vikopo sita vya mtindi, kila kimoja na mche wake.
Hakuna jina.
Ila mtindi wa cheri hapa
anakula Jadwiga peke yake.