Jina la Mmiliki

Halmashauri ilinipa daftari la safu nne:
mahali, jina la mmiliki, idadi ya vikombe, ushuru.
Na kalamu mbili, moja haiandiki.
"Siku mbili zinakutosha," alisema Afisa Biashara,
"kisiwa chenyewe si kikubwa, na wauza kahawa
hawakimbii kama wachuuzi wa samaki."

Nansio, gatini, kivuko bado kimefungwa kamba.
Bituro anapuliza mkaa mpaka macho yanamtoka machozi.
Vikombe? Kumi na vinane.
Nahesabu kumi na vinne.
"Vinne viko ziwani," anasema. "Wamekwenda navyo
vijana wa karabai. Watarudi."
Nikaandika kumi na vinane.
Alivyolitamka lile watarudi
sikuwa na moyo wa kutoa.

Kahawa yake ina mashapo mazito,
ukifika chini unatafuna.
Kinyozi wa jirani anabishia bei ya mabondo,
kashata imemshika meno, hasikiki,
lakini hakubali.

Bukindo, njia panda,
chini ya mwavuli wenye tangazo la rangi za nyumba,
Nyanjura anachemsha na tangawizi
na mchaichai wa uani kwake.
Walimcheka mwanzoni: tangu lini birika likashikwa na mwanamke?
"Walicheka siku tatu," anasema. "Ya nne ikanyesha,
na mwenye mwavuli nilikuwa mimi."
Akataka niuandike na mwavuli.
Hakuna safu ya mwavuli.
Nikauchora pembeni.

Ukara nilivuka kwa mtumbwi wa injini
pamoja na magunia ya mihogo
na jogoo aliyenikalia mguuni njia nzima.
Kijiwe chao ni kijiwe kweli: jiwe,
bapa, limelainishwa na makalio ya miaka,
na mbele yake dagaa wameanikwa mpaka inabidi uombe njia.
Vikombe kumi na kimoja, kimoja kimepasuka mdomo.
Jina la mmiliki?

Wakatazamana.
Mafuru akachochea moto usiohitaji kuchochewa.
"Andika Tungaraza."
Yuko wapi?
"Tulimzika mwaka ule ziwa lilipopanda."

Tangu hapo anayewahi kuamka ndiye anayewasha.
Hakuna zamu, hakuna orodha.
Buni inatoka ng'ambo, Kemondo, kwa shemeji yake,
debe moja kila mwezi, limeandikwa jina lake kwa mkaa.
Nao fedha wanamtumia kwa laini ya marehemu;
wameitunza, simu wanaichaji kwa sola ya duka la dawa,
na ujumbe hurudi:
Asante shemeji. Mvua huku zimezidi.
Hajui?
"Hatujamwambia," alisema Mafuru. "Naye hajauliza."

Nikakaa na daftari magotini.
Marehemu hatozwi ushuru.
Na walio hai, hakuna aliyesema changu.
Kahawa ikapoa mkononi, nikaongezwa bila kuomba,
chungu, nyeusi, ina moshi ndani yake.
Basi nikashika ile kalamu isiyoandika
nikajaza jina lote, herufi kwa herufi,
nikikandamiza, mpaka karatasi ikabaki na kovu
unaloweza kulisoma kwa kidole.

Nikatoa mia mbili. Wakairudisha.
Mtumbwi wa Nansio ulikuwa umeshaondoka.
Nililala kwa dada yake Mafuru,
kwenye mkeka unaonuka samaki,
na kabla jogoo hajakumbuka kazi yake
nilikuwa jiweni, kiberiti kimelowa umande,
nawasha njiti ya tatu,
nasikia mtu anakohoa akija.