Sabuni

Basi lilinishusha Ipoh saa nane usiku,
mimi na shanta langu, sote tumelowa.
Bi Siew Lan, mwenye nyumba ya wageni,
alitazama viatu kwanza, uso baadaye,
akanipa taulo na kitanda cha juu.
Hakuuliza kwa nini niko peke yangu.

Asubuhi, kwa kinyozi Muniandy,
redio ilinena Kitamil, mvua ikaitikia.
Ng'ambo, adhana. Mlango wa pili,
vijiti vya udi vikifuka mbele ya mungu mwenye ndevu.
Nami nahesabu miji kama mtu ahesabuye deni:
Melaka, Klang, sasa hapa,
na kote nimekula nikitazama ukuta.

Dukani nilikosa neno.
Nikasugua viganja hewani, nikakamua shati lisilokuwepo.
Rosnah akacheka hadi ushungi ukamteleza.
"Sabun?"
Sabuni!
Akanyoosha mkono: mvua, barabara, sisi.
"Dunia."
Dunia.
Kertas, karatasi. Waktu, wakati.
Foleni nyuma yangu ikaanza kununa.

Nilitoka na vipande vitatu vya sabuni.
Nilihitaji kimoja.