Salamu ya Asubuhi

Si mbali, nisimdanganye mtu.
Meli hung'oa nanga saa nane mchana,
jua halijazama umeshaiona Nansio.
Miaka ishirini na saba nimekaa Kirumba;
nikifungua dirisha naliona ziwa,
nalo linaniona,
tunapishana macho kama watu wanaodaiana.

Jana nilishuka Mlango Mmoja.
Sweta mbili za mitumba, za watoto nisiowajua majina,
kofia ya sufu ya baba mdogo Masatu
(nilikisia kichwa chake kwa ngumi zangu mbili),
sukari kilo tano, sabuni ya mche, betri za tochi.
Nikakumbuka siku hizi wana sola,
nikazirudisha betri, muuzaji akanisonya.
Mizani ya zawadi siijui vizuri:
ukipeleka kidogo, umewadharau;
ukipeleka kingi, unawalipa.

Na hapakuwa na meza ya nguo
za mtu aliyekosa mazishi ya mama yake
kwa sababu siku hiyo alipanga foleni
nje ya kiwanda cha minofu,
akidai mshahara wa miezi miwili.
Mshahara wenyewe sikuupata.

Usiku Mafwele alipiga simu.
Hakuniita Mama Rena. Aliniita Nyanjura,
nami nikageuka nyuma
kutazama anayeitwa.

"Uwanja wenu usiutafute," akasema.
"Mwaka ule wa mvua ziwa lilipanda,
likapita kwenye migomba,
likaingia ndani bila hodi.
Sasa pale mlangoni kwenu tunatega nyavu.
Juzi tumetoa sato wanne,
mmoja mzito kama mtoto wa kubebwa."
Akacheka, nikacheka,
halafu nikauliza kaburi.
"Mama yuko juu. Mawe yalimshika."

Mawe yalimshika.
Nililala na maneno hayo mawili
kama mtu aliyelala na kokoto mdomoni.

Leo begi liko kitandani, limeachama.
Rena anaegemea mlango: "Huko kwenu kuna nini, mama?"
Kuna furu, nikasema.
"Furu ndiyo nini?"
Nikamwonyesha kidole changu cha shahada:
samaki wa urefu huu, wa rangi rangi,
tulikuwa tukiwachoma kwenye kijiti, vichwa na yote.
"Twende nikawaone."
Nikakunja kanga niliyokwisha kuikunja.
Nitamwambiaje kwamba wengi waliliwa na sangara,
na sangara huyo ndiye niliyemchuna miaka tisa,
kwa kisu kirefu na buti za mpira,
ndiye aliyemlipia yeye ada?

Kanga moja sijaiweka.
Ni ya mama, ina tundu la kaa la jiko upande wa pindo.
Naiingiza, naitoa.
Nikienda nayo wataona nilikuwa nayo muda wote huu.
Nikiiacha, nitakuwa nimekwenda peke yangu.

Lakini kinachonikalisha hapa kitandani
si kanga, wala nyumba iliyogeuka dema.
Ni salamu.
Kwetu salamu ina saa zake;
ya asubuhi si ya jioni, ukikosea watoto wanakucheka
na wakubwa wananyamaza, jambo lililo baya zaidi.
Maneno yetu yamenikauka kama michembe,
huenda nikiyaloweka yatarudi.
Tangu juzi najaribu mbele ya kioo:
ya asubuhi inatoka, nzima, na mlio wake,
hata mkono unajua pa kwenda.
Ya jioni haipo.
Nimeitafuta nikiosha vyombo,
nimeitafuta usingizini, nikakuta sauti ya mama
bila neno ndani yake.

Na meli inafika jioni.

Basi nimefanya hesabu.
Nitateremka Nansio, nitauliza gesti ya bei nafuu,
nitalala na viatu karibu na mlango.
Mafwele atanuna, na anune.
Jogoo wa kwanza atanikuta nimeshaoga,
kanga ya mama kiunoni, tundu kwa nje,
nikipandisha njia ya mawe kabla umande haujaanguka,
niwakute wakifungua milango,
niwape ile moja niliyobaki nayo.